Nani mwongo: mwanga, jicho au ubongo? Mwongozo kamili wa kupima viinimacho nyumbani

Picha za viinimacho zimejaa kwenye simu zetu. Mistari inaonekana imepinda kumbe imenyooka, duara linazunguka ilhali limechorwa tu kwenye karatasi, gauni moja dada analiona jeupe na kaka anashikilia kuwa ni la bluu. Watu hucheka, husema "macho yananidanganya", kisha wanapita. Ukweli ni kwamba macho husingiziwa mara nyingi. Kuna watuhumiwa watatu: mwanga wenyewe kabla haujafika kwetu, jicho, na ubongo. Kila kiinimacho kina mkosaji wake, na unaweza kumkamata ukiwa sebuleni kwako.

Mwongozo huu ni wa kukamata. Vipimo ni vitatu, na vitarudi kila hatua, kwa hiyo vishike kabla hujaanza.

Cha kwanza: piga picha, kisha pima kwenye picha yenyewe. Kama ajabu uliyoiona imo pia ndani ya picha, na rula inakubali, basi mwanga ndio uliofika ukiwa umepinda. Kamera haina ubongo wa kudanganywa.

Cha pili: badilisha jicho. Tazama kwa jicho moja hadi kiinimacho kijengeke, kisha lifunike na utazame kwa jicho lingine. Kama athari haikuhama, shaka ianze ndani ya jicho. Kama imehama, tatizo liko mbele zaidi, kwenye ubongo, maana taarifa za macho mawili hukutana kule na si mapema zaidi.

Cha tatu: tenga. Toboa matundu kwenye karatasi na uangalie kile kitu peke yake, kila kilichokizunguka kikiwa kimefichwa. Kiinimacho kikifa hapo hapo, ujue ubongo ulikuwa unalinganisha na majirani.

Andaa karatasi nyeupe, manila nyeusi na ya kijivu (ukiikosa ya kijivu, paka karatasi nyeupe penseli kwa mkono uliotulia), maka peni, rula, mkasi, bahasha ndefu, uzi wa mita moja na nusu, nati nzito ya chuma, miwani ya jua ambayo huijali, kioo na simu yenye kamera. Tahadhari mbili tu. Usitazame jua katika jaribio lolote, hata kwa miwani ya giza. Na mwenye kifafa akae mbali na video zinazomwekamweka.

Hatua ya 1: Mazigazi ya barabarani

Tuanze na rahisi. Mchana wa jua kali, kwenye kipande cha lami kilichonyooka, utaona mbele kama dimbwi la maji linalorudi nyuma kadiri gari linavyokwenda. Abiria, si dereva, atoe simu apige picha. Dimbwi litakuwemo.

Lami imechemka, na hewa iliyoigusa imechemka nayo na kuwa nyepesi kuliko ya juu yake. Mwanga unaoshuka kutoka angani ukipita kwenye tabaka hizo hupinda na kurudi juu kabla haujagusa lami, kwa hiyo unaingia machoni ukitokea chini. Unachokiona pale barabarani ni kipande cha anga. Jicho limepokea sawasawa kilicholetwa. Ubongo ndio ulioongeza neno "maji", kwa sababu katika maisha yetu yote kitu kinachong'aa chini na kuakisi mbingu kimekuwa maji. Penseli inayoonekana imevunjika ndani ya glasi ya maji iko kundi hilihili. Hapa hakuna zaidi, tusonge.

Hatua ya 2: Doa lisiloona chochote

Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, na halihitaji zaidi ya karatasi.

Chora msalaba mdogo upande wa kushoto wa karatasi. Sentimita 8 kulia kwake, usawa uleule, chora duara jeusi lenye upana wa sentimita moja na ulijaze. Funga jicho la kushoto. Kwa jicho la kulia tazama msalaba, na msalaba pekee, huku karatasi ikiwa mbali kidogo. Isogeze polepole kuja usoni. Ikifika karibu sentimita 30, duara litatoweka. Ukizidi kusogeza, litarudi. Asiyefanikiwa mara nyingi ni kwa sababu jicho limemtoroka likaenda kuchungulia duara. Arudie akiwa na subira.

Kinachotokea ni hiki. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, imejengwa kinyume na vile fundi yeyote angeijenga: nyaya zake zimepita mbele ya seli zinazohisi mwanga. Nyaya hizo, zipatazo milioni moja, lazima zitoke nje kwenda kwenye ubongo, na zinapotokea pameachwa bila seli hata moja ya kuhisi mwanga. Mfaransa Edme Mariotte aligundua doa hilo miaka ya 1660. Liko nyuzi 15 hivi kutoka katikati ya unapotazama, upande wa sikio. Pweza hana shida hii. Nyaya zake zimepita nyuma ya retina, kwa hiyo jicho lake halina doa.

Usiishie hapo, maana utamu uko mbele. Chora mstari mzito unaopita kwenye lile duara, kutoka juu ya karatasi hadi chini. Rudia jaribio. Duara likitoweka, watu wengi huona mstari umeunganika, haujakatika popote. Sasa fanya jaribio lilelile kwenye karatasi ya njano: pale palipokuwa na duara patajaa njano. Hukuona shimo, wala weusi, wala ukungu. Ubongo umeziba pengo kwa kile kilichopo pembeni, na haukukuarifu.

Kama una mtu wa kukaa naye, mkalishe mita 3 mbele yako, ukutani. Bandika alama sentimita 80 hivi kushoto kwa kichwa chake kwa jinsi unavyomtazama, usawa wa macho yake. Funga jicho la kushoto, tazama alama, kisha sogeza shingo kidogo mpaka upate pale panapofaa. Kichwa chake kitaondoka na ukuta utabaki. Watoto wanalipenda jaribio hili kupita kiasi, hasa kichwa kikiwa cha mwalimu.

Mkosaji? Pengo ni la jicho: ukibadilisha jicho, duara linaonekana wazi. Lakini uongo, ile njano iliyopakwa mahali ambapo hukuona kitu, ni wa ubongo. Ndiyo maana kuishi miaka arobaini bila kujua kuwa una shimo kila jicho si ajabu hata kidogo.

Hatua ya 3: Macho yanayoruka bila wewe kujua

Nyoosha mkono, simamisha kidole gumba. Eneo ambalo unaona kwa ukali kabisa halizidi sana upana wa ukucha wa gumba hilo. Kama huamini, fungua gazeti, kazia macho neno moja katikati ya safu na jaribu kusoma neno la nne kando yake bila kusogeza jicho. Hutaweza. Unaona chumba kizima kikiwa wazi kwa sababu macho huruka, mara tatu hivi kwa sekunde, na ubongo unashona vipande.

Na wakati wa kuruka, ubongo unafunga pazia. Simama mbele ya kioo, tazama jicho lako la kushoto, kisha la kulia, kisha la kushoto. Huoni macho yako yakisogea hata siku moja. Mwambie mtu akutazame, au jirekodi video: yanasogea waziwazi. Kuna ndugu ya jaribio hili kwenye saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde. Angalia pembeni, kisha geuza macho ghafla kwenye mshale. Mara kwa mara sekunde ya kwanza itaonekana ndefu kuliko zinazofuata, kama saa imesita, kwa kuwa ubongo umejaza muda wa mruko kwa kile ulichokiona ulipotua.

Hatua ya 4: Bendera kwenye ukuta mweupe

Tafuta picha ya bendera ya Tanzania kwenye simu, kisha ingia kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu, uwashe ugeuzaji wa rangi. Kijani cha juu kushoto kitakuwa waridi iliyokolea, bluu ya chini kulia itakuwa chungwa, utepe mweusi utakuwa mweupe wenye kingo za bluu. Mpenda kazi ya mikono anaweza kuipaka mwenyewe kwa rangi za maji, inapendeza zaidi. Weka kinukta katikati.

Kikazie macho kinukta hicho kwa sekunde 30 bila kuyahamisha. Kupepesa ruksa. Kisha tazama ukuta mweupe. Bendera itakuja ikiwa na rangi zake halali: kijani, njano, nyeusi, bluu. Itakaa sekunde chache na kufifia.

Katika retina kuna aina tatu za seli za rangi, zinazoitwa koni, na kila aina hupendelea sehemu yake ya mwanga. Ukikazia waridi, koni zilizoisikia sana zinapunguza kelele, hazichoki kama msuli bali zinajirekebisha. Ukihamia kwenye nyeupe, ambayo ina kila rangi, zile zilizokuwa zimetulia ndizo zinazosikika zaidi, na jumla yake ni kijani. Moja ya sababu zinazotolewa za nguo za chumba cha upasuaji kuwa za kijani au bluu ni hiyohiyo: aliyekazia damu nyekundu kwa muda mrefu, akiinua macho kwenye nguo nyeupe, ataona mabaka ya kijani yakielea.

Sasa kipimo cha pili. Funika jicho la kulia kwa kiganja, kazia bendera kwa la kushoto sekunde 30, kisha hamisha kiganja: funika la kushoto, tazama ukuta kwa la kulia. Kwa watu wengi bendera haiji, au inakuja hafifu na kupotea. Rudi jicho la kushoto, hii hapa. Kazi imefanyika ndani ya jicho.

Kabla hujafunga hatua hii, fanya jambo moja ambalo litatufaa baadaye. Ijenge bendera tena, lakini safari hii itazame kwanza juu ya karatasi uliyoishika karibu, halafu juu ya ukuta wa mbali. Karibuni ni ndogo, mbali ni kubwa mno. Alama kwenye retina haijabadilika hata kidogo. Mswisi Emil Emmert aliandika kanuni hiyo mwaka 1881: alama ikiwa ileile, ubongo hukadiria kwanza umbali, kisha unatoa ukubwa. Iweke kumbukumbuni mpaka tufike kwenye mwezi.

Hatua ya 5: Miamba inayopanda

Mwaka 1834 msafiri Robert Addams alisimama mbele ya maporomoko ya Foyers, Uskoti. Alikazia macho maji yanayoanguka, kisha akageukia miamba ya kando, na miamba ikaonekana kupanda juu. Ukienda kutembelea maporomoko yoyote, Materuni kule Kilimanjaro au Nyahururu kwa mfano, jaribu: dakika nzima kwenye maji, kisha mwamba. Ukiwa nyumbani, video ya maporomoko yatosha, au maandishi ya mwisho wa filamu yanayopanda.

Ukibadilisha jicho hapa, mambo ni tofauti na bendera. Jicho ambalo halikuona maji nalo litaona mwamba ukitambaa, ila kwa nguvu ndogo. Kwa hiyo zilizojirekebisha ni seli za ubongo zinazopima mwendo, upande wa kisogo, ambako taarifa za macho mawili zimeshaungana. Angalia pia jambo la ajabu zaidi: mwamba unasogea na wakati huohuo haufiki popote. Ubongo una kitengo cha mwendo na kitengo cha mahali, na leo havijakubaliana.

Hatua ya 6: Kijivu kimoja, sura mbili

Kata vipande viwili sawa vya manila ya kijivu kutoka karatasi moja. Kimoja kiweke katikati ya karatasi nyeusi, kingine katikati ya nyeupe, kaa navyo mbali kidogo. Kilicho juu ya nyeusi kitaonekana cheupe zaidi. Tumia kipimo cha tatu: toboa matundu mawili kwenye karatasi nyingine na ufunike kila kitu isipokuwa vile vipande. Vimekuwa ndugu pacha.

Jambo hili liliwahi kuwa kesi ya biashara. Michel Eugène Chevreul, mkemia aliyesimamia idara ya kutia rangi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris, kuanzia mwaka 1824, alipelekewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda hazikolei. Alizichunguza akazikuta hazina kasoro. Tatizo lilikuwa rangi zilizofumwa kando yake: zilimnyang'anya mweusi weusi wake. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kikubwa juu ya rangi zinavyobadilishana sura zikikaa jirani. Mafundi cherehani wanalijua hili bila kitabu. Fundi mzuri hachagui uzi kwa kuutazama kwenye boksi, anautandaza juu ya kitenge chenyewe, na akiwa na shaka anatoka nacho mlangoni kwenye mwanga wa jua. Fanya hivyo hivyo ukinunua rangi ya ukuta.

Toleo maarufu zaidi la leo ni la Edward Adelson wa chuo cha MIT, Marekani, la mwaka 1995: ubao wa draftsi, mcheduara umesimama juu yake na kutupa kivuli. Mraba mmoja nje ya kivuli unaonekana mweusi, mwingine ndani ya kivuli unaonekana mweupe, na yote miwili ni kijivu kilekile. Itafute picha hiyo, ipige skrini, kata miraba hiyo miwili uiweke pamoja. Hata ukishajua, ukirudi kwenye picha nzima unadanganywa upya. Ubongo unasema: huu uko kivulini, mwanga unaoupata ni mdogo, kwa hiyo karatasi yenyewe lazima ni nyeupe. Na katika maisha ya kawaida hesabu hiyo ni sahihi. Bila hiyo, shati lako jeupe lingegeuka la kijivu kila ukiingia chini ya mwembe.

Lile gauni la Februari 2015 lililogombanisha dunia ni hesabu hiyohiyo. Gauni halisi lilikuwa la bluu na nyeusi. Picha haikuonyesha waziwazi mwanga ulitoka wapi. Aliyedhani gauni liko kivulini aliondoa ubluu, akabaki na nyeupe na dhahabu. Aliyedhani limemulikwa na taa aliona bluu na nyeusi. Mkosaji ni ubongo, lakini kila mmoja kwa dhana yake.

Hatua ya 7: Mistari miwili, na safari ya Uganda na Kongo

Tengeneza kifaa. Kwenye bahasha ndefu chora mstari wa sentimita 10, na kila mwisho wake uweke ncha ya mshale inayotazama nje. Kwenye kipande cha manila kinachoingia ndani ya bahasha chora mstari mrefu unaoendeleza ule wa kwanza, ambao mwisho wake wa mbali una mabawa yaliyofunguka kinyume, kama mkia wa mshale. Mtu avute manila mpaka aone mistari yote miwili iko sawa. Kisha wewe upime kwa rula. Karibu kila mtu atasimama mapema, akiacha mstari wa mabawa ukiwa mfupi, kwa sababu unaonekana mrefu kuliko ulivyo. Andika kosa la kila mtu kwa milimita. Mwambie siri, kisha mpe ajaribu tena: kosa litapungua kidogo, halitaisha.

Mjerumani Franz Carl Müller-Lyer aliitoa michoro hii mwaka 1889. Kilichonivutia mimi ni kilichofuata. Watafiti watatu wa Marekani, Segall, Campbell na Herskovits, walichapisha mwaka 1966 matokeo ya kupima watu wa jamii nyingi, wakiwemo Wanyankole na Watoro wa Uganda, Wasuku na Wasonge wa Kongo, na Wasan wa kusini mwa Afrika. Wakazi wa Evanston, Illinois, walidanganyika kuliko wote, karibu asilimia 20 ya urefu. Wasan karibu hawakudanganyika. Maelezo yaliyotolewa yalikuwa kwamba aliyekulia kwenye nyumba za pembe na kona huzoea kusoma ncha za namna hiyo kama kona zilizo karibu au mbali, na aliyekulia kwenye nyumba za duara na nyika hana mazoea hayo.

Maelezo hayo yanapendeza, na yamerudiwa darasani miaka mingi. Binafsi nayachukua kwa tahadhari, kwa sababu ya kazi iliyofanyika India na kuchapishwa mwaka 2015. Watoto waliozaliwa na mtoto wa jicho, wakakua bila kuona, walifanyiwa upasuaji na kupimwa mara tu walipoanza kuona. Walidanganyika na mistari ileile. Hawakuwahi kuona kona ya nyumba maishani mwao. Huenda mazoea yanaongeza au kupunguza, lakini hayawezi kuwa chanzo pekee.

Hatua ya 8: Mwezi unaochomoza baharini

Subiri mwezi mpevu. Ukanda wetu wa pwani umejaliwa kwa hili: bahari iko mashariki, na mwezi mpevu huchomoza karibu na saa jua linapozama, kwenye saa kumi na mbili jioni. Simama Coco Beach, Dar es Salaam, au Nyali, Mombasa, uone unavyotoka majini ukiwa mkubwa na mwekundu.

Beba kipande cha karatasi kilichotobolewa kwa ile mashine ya ofisini ya kutobolea karatasi. Tundu lake lina milimita 6. Nyoosha mkono kabisa, funga jicho moja, utazame mwezi kupitia tundu. Utakuta unakaa humo karibu kwa kipimo. Rudia saa nne usiku, ukiwa juu angani na unaonekana mdogo wa kawaida. Tundu lilelile, mwezi uleule. Kwa kweli ukiwa kwenye upeo uko mbali nawe zaidi kidogo, kwa karibu nusu ya kipenyo cha dunia, kilomita elfu sita na kitu kati ya laki 3 na elfu 84, kwa hiyo alama yake ni ndogo kiduchu.

Wengi husema hewa ndiyo inayoukuza. Hewa huubadilisha rangi na kuubonyeza kidogo juu na chini, haiupanui. Piga picha mbili kwa mpangilio uleule wa kamera na uzipime: zinalingana. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Cairo na kufariki mnamo 1040, alishaeleza katika Kitab al-Manazir kwamba ukubwa huo ni hukumu ya mtazamaji, inayotokana na vitu vilivyopo kati yake na mwezi. Hapo ndipo anaporudi Emmert. Upeoni kuna majahazi, minazi na bahari ndefu, na ubongo unahisi mbingu ya kule iko mbali. Alama ileile, umbali mkubwa: ukubwa unaongezwa. Wataalamu bado wanabishana, maana ukimuuliza mtu atakwambia mwezi wa upeoni uko karibu, si mbali. Hata hivyo jaribu jambo la mwisho, kama hakuna anayekutazama: geuka, inama, uutazame mwezi kupitia katikati ya miguu yako. Wengi huuona umesinyaa.

Hatua ya 9: Nati inayozunguka bila kuzunguka

Funga nati kwenye uzi, uning'inize mlangoni. Simama mita 2 au zaidi, na mtu aibembeze kushoto na kulia, kwa mstari ulionyooka, si kuja kwako. Macho yote mawili yakiwa wazi, ziba jicho la kulia kwa kioo kimoja cha miwani ya jua, la kushoto libaki bila kitu. Sekunde chache tu na nati itaanza kuzunguka: ikienda kulia inapita karibu nawe, ikienda kushoto inapita mbali. Hamisha kioo kwenye jicho la kushoto, mzunguko unageuka.

Carl Pulfrich wa Jena, Ujerumani, alilieleza jambo hili mwaka 1922. Jicho lenye mwanga mdogo hupeleka taarifa kwa kuchelewa kidogo. Kwa hiyo jicho la kulia linaripoti nati ilipokuwa, la kushoto linaripoti ilipo. Ubongo ukipata mahali pawili kwa wakati mmoja unafanya hesabu uliyoizoea ya macho mawili, na jibu lake ni umbali. Funga jicho moja, umbali unakufa na nati inarudi kwenye mstari wake. Jicho limechelewesha, ubongo ukatunga. Pulfrich mwenyewe alikuwa haoni kwa jicho moja, kwa hiyo hakuweza kuliona jambo lililobeba jina lake.

Hili si mchezo tu. Mtu mwenye mtoto wa jicho upande mmoja, au aliyeugua neva ya jicho moja, anaweza kuwa na kioo hicho cha giza siku zote bila kujua. Bodaboda inayokatiza mbele yake anaiona karibu au mbali kuliko ilivyo. Kama mzee wa nyumbani analalamika kuwa kuvuka barabara kumekuwa kugumu ilhali "anaona vizuri", mfanyie jaribio hili bila miwani yoyote. Akiiona nati inazunguka, mpeleke akapimwe.

Hatua ya 10: Kisichokuwa kiinimacho

Viinimacho vyote hapo juu vina tabia moja: vinatokea kwa watu wengi, mbele ya kitu maalumu, na ukiondoka vinaisha. Kinachokuandama popote unapoangalia ni habari nyingine. Chukua daftari la hesabu lenye miraba, weka kinukta katikati ya ukurasa, funika jicho moja, vaa miwani yako ya kusomea kama unayo, na ukazie kinukta kwa umbali wa kusoma. Kisha jicho la pili. Miraba ya ukurasa ikipinda kama mawimbi, au ikiwa na kipande kilichofutika, kwa jicho moja, retina ya jicho hilo inahitaji daktari wa macho ndani ya siku chache. Ukiona mimweko ya ghafla, mvua ya vinukta vyeusi, au pazia linaloshuka upande mmoja, usisubiri kesho. Nenda hospitali yenye kitengo cha macho siku hiyohiyo, na usiendeshe mwenyewe.